Mwizi na Aliyemshindisha Njaa

Ndugu zetu, gerezani huchanganyika aliyeiba kwa njaa na aliyeiba kwa tamaa. Je, hukumu yao ni moja?

Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kwamba watumwa wa Hatib waliiba ngamia, wakamchinja. Sayyidna Umar aliamuru wakatwe mikono. Kisha akatambua kuwa bwana wao huwashindisha njaa. Basi akamtoza Hatib dirhamu 800, maradufu ya thamani ya ngamia.

Hatusemi kwamba mwizi hana dhambi. Mwenye shibe akiiba, nafsi yake ndiyo iliyomponza. Twasema tu kwamba dhambi nyingine ina washirika wasiofungwa. Amcheleweshaye mtumishi ujira wake na ajihesabu kabla ya kumlaani mwizi.