Dawa ya Wote, Dhamana ya Nani?

Kuna dawa, na kuna mwenye dawa. Kwa wazee wetu wa Ubena viwili hivi havikuachana. Mtoto akiugua usiku, mama hakukimbilia porini kutafuta mzizi, alikwenda kugonga mlango wa mtu. Mtu huyo alikuwa na jina, na ukoo, na nyumba inayojulikana. Kama mtoto angekufa, njia ya kurudi kwenye nyumba ile ilijulikana pia.

Siku hizi dawa inaweza kukufikia bila mwenyewe. Hapa Lyamkena, hatua chache tu kutoka kwenye pilikapilika za Makambako ambako malori ya Zambia na ya Songea yanagawana njia, unaweza kukaa siku tatu kwenye ukumbi wa kanisa, ukanywa chai na maandazi, ukatoka na daftari lenye dawa thelathini. Kitunguu saumu kwa presha. Majani ya mpera kwa kuhara. Mchaichai na tangawizi kwa kifua. Mafuta ya mwarobaini kwa upele. Hakuna anayekuuliza wewe ni mtoto wa nani, wala umebeba kikapu cha nani porini kwa miaka mingapi. Nimehudhuria semina za namna hiyo na nimezipenda kuliko nilivyotarajia. Lakini kuna swali ambalo kila nikitoka nalo ukumbini linakuwa zito zaidi: ukimpa mtu ujuzi wa kutibu, je, unabaki na sehemu yoyote ya yale atakayoyafanya nao?

Wanaohudhuria wengi ni akina mama. Wanakuja baada ya palizi, wengine na watoto mgongoni, na kwa mambo fulani wanajua kuliko mwezeshaji. Yeye anasema mwarobaini, wao wanacheka kidogo, kwa sababu mwarobaini ni mti wa joto na baridi yetu hauipendi. Ukitaka kuuona umestawi nenda Dodoma. (Mti wenyewe asili yake ni bara Hindi, na kwetu ukapewa jina linaloahidi magonjwa arobaini. Miti yetu ya nyumbani haijawahi kujisifu kiasi hicho.) Kwa hiyo mwarobaini wa Lyamkena ni unga, na unga unauzwa mezani siku ya mwisho, kwenye vipakiti. Hilo silioni kama kosa. Mwezeshaji naye ana nauli. Nalitaja kwa sababu linaonyesha mapema kwamba ujuzi tuliopewa bure umefungwa na kitu ambacho si bure, na kwamba bibi zetu, ambao wangetuonyesha kilichoota mtoni, hawakualikwa kufundisha.

Tuliosoma shule tulilelewa kuudharau usiri wa waganga. Tuliambiwa ni uchoyo, ni biashara, na kwamba mzee akifa na dawa yake kijiji kizima kimeibiwa. Kuna ukweli humo. Lakini usiri ulifanya na kazi nyingine, kazi ya kuchelewesha. Mwanafunzi wa mganga alibeba kikapu miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kuchemsha chochote. Katika miaka hiyo alijifunza mizizi, ndiyo, lakini alijifunza zaidi watu. Alimwona anayepona na anayeelekea kupona. Aliiona pia sura ya mtu ambaye hatapona, na akamwona mwalimu wake akikataa kumpokea. Daftari letu la siku tatu lina dawa nyingi. Mgonjwa hamna hata mmoja.

Kuna kisa cha Uingereza ninachokipenda kwa ajili hiyo. Mwaka 1775 daktari William Withering aliombwa maoni yake juu ya dawa moja ya kienyeji ya watu wanaovimba mwili kwa maji. Ilikuwa siri ya bibi mmoja wa Shropshire, na wakati mwingine iliwaponya watu walioshindikana kwa madaktari. Ndani yake mlikuwa na mimea ishirini au zaidi. Withering akagundua kwamba unaofanya kazi ni mmoja, ule ambao wataalamu wanauita Digitalis. Hakutangaza kesho yake. Alikaa na wagonjwa miaka 10, akipunguza na kuongeza kipimo, na kitabu chake kilipotoka mwaka 1785 kilikuwa na waliopona na wasiopona pia. Mmea huo kwa kipimo kidogo husaidia moyo, na kikizidi kidogo tu huua. Nikiwasimulia watu kisa hiki, kila mmoja huondoka na kipande anachokitaka. Mmoja anasema bibi aliporwa, na kweli jina lake halijulikani hadi leo. Mwingine anasema sayansi imeshinda uchawi. Mimi ninachokishika ni ile miaka 10.

Kiswahili chenyewe kinatuonya, tukikisikiliza. Tunaita dawa kile kinachomponya mtoto, tunaita dawa kile kinachoua panya. Huku kwetu ua la pareto tunalianika juani na kuliuza likatengenezewe dawa, na dawa hiyo kazi yake ni kuua wadudu. Neno halisemi kama kitu ni kizuri au kibaya. Linasema kina nguvu, na mwenye nguvu lazima ashikwe na mtu.

Dawa ya kugawiwa wote si jambo geni katika nchi hii. Mwaka 1905 Kinjekitile wa Ngarambe aliwapa watu maji ambayo yangegeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Alinyongwa mwezi Agosti mwaka huo huo, lakini dawa iliendelea kutembea bila yeye, mkono kwa mkono, kutoka nchi moja hadi nyingine, mpaka ikafika huku juu. Mwezi Septemba Wabena na Wapangwa waliushambulia misheni wa Yakobi, karibu na Njombe. Risasi zilibaki risasi. Sisimulii ili kuwacheka waliopigana. Walikuwa na sababu ya kupigana iliyo kubwa kuliko dawa, na huenda bila dawa wasingepata umoja. Natazama jambo moja tu: aliyeipokea dawa ile hapa Ubena hakuwa na mtu wa kumuuliza. Aliyemletea naye alikuwa ameletewa.

Halafu mwaka 2011, kikombe. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, alichemsha mizizi ya mugariga kijijini Samunge na kuwanywesha watu kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni kwa siku nyingi, ya wakubwa na ya wadogo. Kikombe kilikuwa tofauti na semina, maana dawa haikuruhusiwa kuondoka mkononi mwake. Ukichemsha mwenyewe nyumbani, haifanyi kazi. Basi mwenye dawa alikuwapo, na alijulikana nchi nzima. Hata hivyo waliorudi makwao wakaacha dawa zao za hospitali kwa kuamini wamepona, waliacha wakiwa peke yao, vyumbani mwao, mamia ya kilomita kutoka Samunge. Babu alifariki mwaka 2021. Ni wangapi walimfuata kumwambia kilichowapata baada ya kunywa?

Kwa mkoa wetu habari hii si ya kupigia porojo tu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011 hadi 2012 ulikuta asilimia 14.8 ya watu wazima wa Njombe wanaishi na virusi vya UKIMWI. Ule wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta asilimia 12.7, wakati taifa zima lilikuwa na asilimia 4.4. Mara zote mbili tulikuwa wa kwanza nchini. Kwa hiyo ukumbi wowote wa Lyamkena wenye watu hamsini una watu wanaomeza dawa kila siku, na wengine hawajamwambia hata mtu waliyeketi naye benchi moja.

Siku ya pili ya semina moja mama mmoja alinyanyua mkono. Tulikuwa kwenye kitunguu saumu.

"Mwalimu, samahani. Na yule anayetumia dawa za kliniki, naye anywe hii?"

Hakuna aliyegeuka kumtazama. Huku kwetu, ukisema kliniki kwa sauti ile, kila mtu ameelewa.

"Anywe tu, mama," mwezeshaji akajibu. "Hiki ni chakula, hakina madhara." Akaendelea na tangawizi.

Sasa, kitunguu saumu ni chakula kweli. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Marekani waliwapa watu wazima wenye afya vidonge vya kitunguu saumu kwa muda wa wiki tatu pamoja na saquinavir, mojawapo ya dawa za virusi vya UKIMWI, na kiasi cha dawa hiyo katika damu yao kilishuka kwa karibu nusu. Saquinavir siyo dawa wanayopewa wagonjwa wetu wengi leo, na kipande cha kitunguu saumu kwenye mchuzi si vidonge vya wiki tatu. Inatosha tu kuonyesha kwamba "ni chakula" halikuwa jibu la swali lile. Jibu lilikuwa fupi zaidi: sijui, kamuulize muuguzi wa kliniki yako kabla hujaanza.

Kwa nini ni gumu kulisema? Sidhani mwezeshaji yule alikuwa mtu mbaya. Nadhani semina imejengwa kwa namna isiyolipa nafasi jibu hilo. Watu wamekuja kuchukua. Mwalimu anayesema sijui siku ya pili, siku ya tatu atafundisha viti. Mganga wa zamani angeweza kusema sijui bila kupoteza kitu, kwa sababu aliyemwambia alikuwa mgonjwa mmoja, mbele yake, na kesho wangekutana kisimani. Mwezeshaji anazungumza na watu hamsini, na kesho yuko Mafinga.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa sekondari, ananipinga vikali hapa. Anasema hospitali nayo ina dakika mbili kwa mgonjwa, daktari hakufuati nyumbani kuona kama umemeza vizuri, na watu wanakimbilia semina kwa sababu humo angalau wanasikilizwa. Yote ni kweli. Ila hospitalini kuna faili. Kuna karatasi yenye tarehe na mwandiko wa mtu, hata kama haisomeki. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inataka mganga naye asajiliwe, awe na mahali pa kutafutwa. Mshiriki wa semina hayumo popote kati ya hao. Ni jirani tu mwenye daftari. Akimpa mtoto wa mwenzake majani ya mpera siku tatu mfululizo wakati mtoto anakaukiwa maji, hakuna ofisi ya kumwita. Atakachobaki nacho ni kukutana na yule mama kila siku njiani, na kusalimiana.

Ndiyo maana kwangu jibu la swali la mwanzo ni ndiyo, sehemu inabaki kwa aliyefundisha, na si ndogo. Haibaki kwa sababu anaweza kuongoza mikono ya watu hamsini. Hawezi. Inabaki kwa sababu ni yeye aliyechagua kiingie nini kwenye daftari na kisiingie nini. Aliandikisha dawa thelathini. Hakuandikisha ukurasa wa watu wa kutowapa kitu: mtoto mwenye degedege, mtoto asiyeweza kunyonya, mjamzito anayetoka damu, mtu anayehema kwa shida, mtu anayetumia dawa nyingine. Ukurasa huo ungechukua nusu saa. Tulitumia muda mrefu kuliko huo kupiga picha ya pamoja.

Inawezekana kufanya vingine. Tanga, tangu miaka ya 1990, waganga wa jadi na watumishi wa hospitali walishirikiana kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI, mitishamba ikitibu magonjwa nyemelezi na kurudisha hamu ya kula, na mgonjwa akifuatwa nyumbani. Pale mwenye majani na mwenye vidonge walijuana. Hiyo ni kazi ya miaka, na siku tatu haziwezi kuizaa. Ila siku tatu zinaweza kumkaribisha muuguzi mmoja wa zahanati aketi mbele pamoja na mwezeshaji, ili swali la kliniki likiulizwa liwe na pa kwenda.

Yule mama wa kitunguu saumu nilikutana naye tena miezi kadhaa baadaye, sokoni, akiuza viazi. Kamwene, kamwene. Nikamuuliza kama bado analo daftari. Analo. Anatengeneza dawa ya kikohozi na mafuta ya upele, basi. Mtu akija na homa au uvimbe, anampa uji kama upo na kumwambia aende zahanati. Mara mbili amemsindikiza mwenyewe kwa bodaboda. Nikamwambia amefanya vizuri. Akacheka, akaendelea kupanga viazi kwenye sado.

"Majirani wamenuna," akasema. "Wanasema nimefundishwa, nikaficha."