Mnyororo Usioonekana

Msafiri atokaye Korogwe kwenda Same, akiisha kuipita Mombo, hufika Mazinde. Upande wake wa kulia milima ya Usambara imesimama kama ukuta. Upande wa kushoto yatandaa nyika. Wengi hupita pale pasipo kugeuza uso. Lakini mahali hapo pana habari itupasayo kuitafakari sisi Wakristu, maana ni habari ya utumwa na uhuru.

Alipokufa Mfalme Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, ufalme wa Washambaa uliingiwa na magomvi. Semboja, mmoja wa wanawe, alifanya makao yake Mazinde, kando ya njia ya misafara, akafanya biashara na watu wa pwani. Katika vita vya siku zile watu wengi wa milimani walikamatwa wakauzwa, na bei yao ikawa bunduki na baruti. Baadaye yalikuja mashamba ya mkonge. Hapo mtu hakuuzwa tena sokoni, ila siku zake zilihesabiwa katika kipande, siku 30 za kazi, ndipo apewe ujira wake.

Leo mambo hayo yamekwisha. Mnyororo wa shingoni umekatwa, na nchi yetu yajitawala tangu mwaka 1961. Lakini twapenda kuwauliza wasomaji wetu wapenzi: Je, sisi tu watu huru? Hatuulizi habari za bendera wala za serikali. Twauliza habari za moyoni.

Tumfikiri baba mmoja, ambaye twaweza kumkuta katika kijiji cho chote cha nchi hii. Yeye na mdogo wake waligombania mpaka wa shamba walilorithi kwa marehemu baba yao. Shauri lilikatwa miaka kumi iliyopita. Mdogo wake alikwisha kuhama, naye yaelekea amekwisha kusahau. Bali baba huyu hajasahau. Usiku huamka akayarudia maneno aliyotukanwa. Akienda msibani hutazama kwanza nani ameketi wapi, asije akakutana uso kwa uso na nduguye. Watoto wake wamekatazwa kuwaamkia binamu zao, hata wakikutana mlangoni mwa kanisa. Hakuna askari aliyemfunga, wala hakimu aliyemhukumu. Na hata hivyo, ni nani hapa mfungwa?

Juu ya jambo hili yuko mwalimu mmoja wa roho tutakaye kumleta mbele yenu, naye ni Mwenye Heri Antonio Rosmini. Waamini wa Jimbo la Tanga wanalijua jina lake, kwa kuwa mapadre wa shirika lake, Shirika la Upendo, walifika kwao mwaka 1945. Hata Askofu wa kwanza wa Tanga, Eugene Arthurs, aliyeanza kazi hiyo jimbo lilipoundwa mwaka 1958, alikuwa mwana wa shirika hilo.

Rosmini alizaliwa Rovereto mwaka 1797, akapewa upadre mwaka 1821, akaanzisha shirika lake mwaka 1828 katika mlima mmoja karibu na mji wa Domodossola, nchini Italia. Alikuwa mwanafalsafa mkubwa, na vitabu vyake ni vingi. Lakini msingi wa mafundisho yake juu ya akili hata mtoto wa katekisimu aweza kuufahamu. Alifundisha ya kwamba akili ya kila mtu imewashiwa nuru na Mungu tangu mwanzo. Mwalimu humwonyesha mtoto vitu, mzazi humtajia majina yake. Lakini jicho lenyewe la akili, lile linalotambua kwamba kitu kipo, halitoki kwa mwalimu wala kwa mzazi. Kwa hiyo hapana mtu awezaye kuimiliki akili ya mwenziwe. Hata yule aliyefungwa mnyororo akapelekwa pwani, nuru hiyo ilikuwa ndani yake, wala mnunuzi hakuweza kuinunua.

Basi, ikiwa nuru imo ndani ya kila mtu, utumwa wa moyoni watoka wapi? Rosmini ajibu ya kwamba kujua ni jambo moja, na kukiri lile tulilolijua ni jambo jingine. Akili huonyesha, nia ndiyo inayokubali au kukataa. Hapo ndipo penye uhuru wa mtu, na hapo hapo ndipo panapoanza dhambi. Yule baba wa shamba anajua vema ya kwamba mwenzake ni ndugu yake, mtoto wa mama yake. Labda anajua pia ya kwamba siku ile ya ugomvi naye alivuka mpaka wa adabu. Anayajua hayo, lakini hataki kuyakiri. Kila asubuhi hana budi kujidanganya upya, na uongo huo ndio mnyororo wake. Bwana wetu Yesu Kristu alipofundisha ya kwamba kweli ndiyo itakayotuweka huru, hakusema juu ya kweli iliyoandikwa vitabuni tu, bali juu ya kweli iliyopokelewa moyoni.

Rosmini mwenyewe alipimwa kwa kipimo hicho. Mwaka 1848 Baba Mtakatifu Pius wa Tisa alimwambia ajiweke tayari kwa ukardinali. Mwaka 1849 upepo uligeuka, na vitabu vyake viwili vikawekwa katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Kimoja chao kilihusu majeraha matano ya Kanisa, ambamo alisikitika kwamba waamini wametengana na mapadre wao katika ibada, na kwamba wafalme wamejiingiza katika kuchagua maaskofu. Ukardinali haukuja tena. Angaliweza kuasi, au kuukusanya uchungu kama mtu awekavyo akiba. Hakufanya hivyo. Alitii mara, akarudi Stresa, akaendelea kusali, kuandika na kuwalea wanawe wa kiroho. Alipokuwa kufani mwaka 1855, yasimuliwa ya kwamba alimwachia rafiki yake Manzoni, yule mwandishi mashuhuri, wasia wa maneno matatu: kuabudu, kunyamaza, kufurahi.

Hata kaburini hakuachwa. Mwaka 1887 maneno arobaini yaliyotolewa katika maandishi yake yalihukumiwa. Ilipita miaka mingi mpaka tarehe 1 Julai 2001, ndipo Roma ilipotangaza ya kwamba maana iliyohukumiwa katika maneno yale haikuwa mafundisho yake ya kweli. Mwaka 2007, huko Novara, akatangazwa Mwenye Heri. Tangu kufa kwake mpaka siku ile ya mwaka 2001 ilikuwa miaka 146. Kama uhuru wake ungalingoja watu wampe haki, angalikufa mfungwa. Lakini hakungoja. Alikuwa huru tangu siku ile alipotii, kwa kuwa hakuhitaji kushinda ili apate amani.

Lakini tuangalie tusije tukapotoka. Watakuwapo watakaosema: "Basi mnyonge na anyamaze, aridhike na uhuru wa ndani." La, hasha! Rosmini yule yule alifundisha ya kwamba kila mtu ana haki katika nafsi yake, wala si halali kumfanya mwenzetu chombo cha kutumikia faida yetu. Waliouza watu walitenda dhambi, naye azuiaye mshahara wa mtumishi wa nyumbani leo atenda dhambi. Uhuru wa moyoni watufundisha kuyasamehe yaliyotupata sisi. Hautupi ruhusa ya kuwafunga wengine, wala ya kunyamaza wanapofungwa.

Nanyi wazazi, neno hili lawahusu zaidi. Huko juu milimani, Mazinde Juu, ilianzishwa mwaka 1989 shule ya sekondari ya wasichana yenye jina la Bikira Maria, siku ambazo binti wa Usambara alikuwa na nafasi chache sana za kuendelea na masomo. Tuyatazame mambo haya mawili pamoja: chini palikuwa na njia ya misafara, juu pana darasa. Chini binti alipewa bei. Juu huulizwa swali, akangojewa alijibu kwa akili yake mwenyewe. Je, nyumbani kwenu binti huulizwa, au huambiwa tu? Na kijana anaposema anataka kuingia seminari, au kuoa, au kujifunza ufundi mnaoudharau, mwamsikiliza? Mzazi aweza kuilinda ile taa, aweza kuitilia mafuta. Lakini si yeye aliyeiwasha.

Mwaka 1830 Rosmini alitoa kijitabu chenye kanuni sita za ukamilifu wa Kikristu. Moja yatutaka tukae katika utulivu juu ya yote ayaruhusuyo Mungu, na ya mwisho yatutaka tuzipange kazi zetu zote kwa roho ya ufahamu. Twawasihi mwanze hivi. Usiku, baada ya rozari, simu zikiisha kuwekwa kando, kila mmoja akae kimya kitambo kidogo ajiulize: Leo nimelijua jambo gani la kweli, nami nikakataa kulikiri? Akiisha kulipata, asilale kabla ya kulikiri mbele ya Mungu. Na kama lamhusu ndugu yake, kesho aende akamwamkie.

Yule baba tuliyemtaja hahitaji kupewa shamba lote ili awe huru. Yamtosha kuvuka mpaka ule kwa miguu yake, apige hodi. Mwenyezi Mungu, aliyeiwasha nuru ndani yetu, atupe neema ya kuifuata.