Namba ya Siri ni Amana

Migori na Homa Bay, kama penginepo Kenya, fedha za wazee wetu leo zimo katika simu. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, mwizi hana haja ya kuvunja mlango. Hupiga simu akajifanya mtu wa ofisi, akasema kwamba malipo ya Inua Jamii, zile shilingi 2,000 za mwezi wapewazo wazee wa miaka 70 na zaidi, yatazuiwa. Kisha hutaka namba ya siri.

Mzee akiisha kuibiwa, watu husema ujinga ni wake. Sisi twakataa. Kumwamini mtu si dhambi. Dhambi ni kuihini imani hiyo. Hata sheria ya Kenya ya mwaka 2018 humfunga hadi miaka mitatu, au humtoza hadi shilingi 200,000, au yote mawili, mwenye kutumia kwa hila namba ya siri ya mwenziwe, aliyehadaiwa haimgusi.

Lakini je, mjukuu apewaye simu amtolee bibi yake fedha, naye akajikatia mia bila ya idhini? Huyo twamwona mbaya zaidi, kwani mwizi wa mbali hakukabidhiwa amana.

Basi yatupasa kuwafundisha wazee kwamba hapana ofisi ya haki iulizayo namba ya siri. Na aliyeibiwa tusimcheke. Akiona haya ataficha, na mwizi atahamia nyumba ya pili.