Pesa ya Kubeti na Kalamu ya Mtafiti

Mjukuu wangu, nimekusikiliza hadi mwisho, na sitakugombeza; nguvu za kugombeza zimeniisha. Kampuni ya kubeti inataka kugharamia utafiti wako juu ya vijana wanaocheza hapa Butembo na kule Beni. Itakulipia usafiri, wasaidizi wa kuhoji watu na kompyuta. Unasema hawajakuomba uandike uongo. Nakuamini. Wala hawatakuomba.

Mkono mtupu haulambwi, na uliojaa hauna haja ya kutoa amri. Yasome tena maswali waliyokuletea: kijana huyu mbona hajizuii, amelelewaje, ana tabia gani. Yote yanamchunguza mchezaji. Hakuna linalouliza ni kiasi gani cha mapato ya kampuni kinatoka kwa wale wachache wanaopoteza sana. Hakuna linalouliza mbona kijana aliyepoteza pesa yote ya siku ya pikipiki anatumiwa ujumbe usiku uleule, kwamba kuna dau la bure linamngoja. Majibu hayo kampuni inayo, kwa sababu kila dau linalopigwa kwa simu linabaki kwenye rekodi, na saa yake. Wewe utapewa fomu uzunguke nazo mitaani. Utafiti utakuwa umepinda kabla hujamhoji mtu wa kwanza, hata kama kila namba utakayoandika ni sahihi.

Mambo haya yalishafanyika. Mwaka 1954 kampuni za sigara za Marekani ziliunda kamati yao ya utafiti, zikawalipa wanasayansi wenye sifa. Wengi wao walifanya kazi halali ya maabara. Lakini kazi hiyo iliwasaidia wenye sigara kusema, mwaka baada ya mwaka, kwamba jambo bado linachunguzwa. Chombo hicho kilivunjwa kwa makubaliano ya kisheria ya 1998. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi, na makaburi mangapi.

Na sisi wa huku hatuhitaji kufundishwa imani ikivunjika inakuwaje. Ebola ilipotangazwa Agosti 2018, watu waliona magari na posho, wakasema ni biashara. Septemba ya mwaka huo watafiti waliwahoji watu 961 wa Beni na Butembo: zaidi ya robo walisema ugonjwa wenyewe haupo. Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko kutoka Kamerun, aliyekuja kupambana na Ebola, aliuawa hapa hapa mjini, ndani ya kliniki ya chuo kikuu. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha, Juni 2020, ulikuwa umeua watu 2,287.

Lakini ni katika mlipuko huohuo tuliona utafiti uliosimama wima. Uliitwa Pamoja Tulinde Maisha, ukaendeshwa na INRB ya Profesa Muyembe, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kongo yetu, pamoja na taasisi ya Marekani, NIAID, kwa wagonjwa wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Dawa nne zilipimwa, na zilikuwa na wenyewe. Walioruhusiwa kuangalia matokeo kadiri yalivyoingia walikuwa kamati huru. Agosti 2019 kamati ikashauri dawa mbili ziachwe, na mojawapo ilikuwa remdesivir ya Gilead, kampuni kubwa mno: zaidi ya nusu ya waliopewa walikufa, wakati kwa dawa mbili zilizobaki vifo vilikuwa kama theluthi. Mwenye dawa hakuulizwa kama anaridhika. Ndiyo maana matokeo yale nayaamini.

Uingereza nako, tangu Aprili 2025, kampuni za kubahatisha zinatozwa kwa sheria, na sehemu moja ya tano ya tozo inakwenda kwenye utafiti kupitia taasisi ya umma. Kampuni inalipa, ila haimchagui mtafiti wala swali.

Basi waambie hivi. Pesa iwekwe chuoni, mikononi mwa watu wasiokula kwao. Maswali uyatunge wewe na walimu wako. Rekodi za madau uzipate zote, majina yakiwa yamefutwa. Na matokeo yachapishwe hata yakiwachoma, bila wao kuyapitia kwanza. Jina lao kama walipaji liandikwe ukurasa wa mbele. Wakikubali yote kwa sahihi, fanya kazi. Wakikataa hata moja, rudisha pesa yao, ufanye utafiti mdogo kwa fomu ulizochapa mwenyewe. Vijana wa pikipiki watakujibu bure.