Kiuno Hakiombewi Toba

Mwanamke aliyevuka miaka hamsini akisimama nimpime, huanza kwa kuomba radhi. Tepu bado iko shingoni mwangu, daftari sijalifungua, naye keshasema, "Shoga, nimejiachia," au, "Tumbo hili, Mungu anisamehe tu." Wa miaka ishirini hasemi hivyo. Yeye hutaka kujua zipu itakaa mgongoni au ubavuni. Mimi ni fundi cherehani wa hapa Ngamiani, Tanga, nashonea wanawake tangu nikiwa msichana chini ya shangazi yangu, na neno hilo la "Mungu anisamehe" limenikaa moyoni. Toba ina masharti yake, tumefundishwa chuoni sote: kuwe na kosa, mja aliache, alijutie, aazimie kutolirudia. Sasa kosa la mwanamke huyu ni lipi? Ataacha nini?

Madaftari ya vipimo siyatupi, maana mteja akileta kitambaa cha sare ya harusi napenda kulinganisha na alivyokuwa. Ukilifuata jina moja kutoka daftari hadi daftari, unaona jambo lisiloonekana kwenye kioo. Akiwa binti, nyonga imekizidi kiuno kwa mbali. Akianza kuzaa, vipimo vyote hupanda pamoja. Lakini akikaribia kukoma hedhi, kiuno huondoka peke yake. Nyonga hubaki pale pale au hupungua, paja hukonda, bega hushuka, na miaka ikizidi hata urefu hupungua, nikalazimika kupandisha pindo. Yupo mteja wangu muuguzi ambaye hupanda mizani kazini mara kwa mara. Kilo zake hazijabadilika, lakini gauni alilovaa kwenye harusi ya mwanawe mkubwa halikufunga kwenye harusi ya mdogo. Yeye naye aliniomba radhi. Kilo zilezile, chakula kilekile, na bado anajiona mkosaji.

Kinachotokea kinajulikana vizuri. Kuanzia miaka ya arobaini na kitu ovari hupunguza kutoa homoni ya estrojeni, na kwa wanawake wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Estrojeni ndiyo iliyokuwa ikiyaelekeza mafuta ya mwili kwenye nyonga na mapaja, yakawa akiba ya mimba na kunyonyesha. Ikipungua, mafuta huelekea tumboni, mengine ndani kabisa, yakazunguka ini na utumbo. Misuli hupungua, mifupa hupoteza ugumu wake, pingili za uti wa mgongo hubonyea, na ndiyo sababu ya mapindo ninayopandisha. Sukari huchelewa kutoka kwenye damu, lehemu mbaya hupanda. Hakuna hata kimoja kati ya hivi ambacho mwanamke alikiamua.

Mitaani tunasema mwili wa mwanamke ukifika arobaini "umepoa", hauunguzi tena chakula kama zamani. Lakini mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioongozwa na mwanasayansi Herman Pontzer, wenye watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, mdogo wao wa siku 8 na mkubwa wa miaka 95. Walinyweshwa maji yenye haidrojeni na oksijeni za aina adimu, kisha ikapimwa, kwa mkojo na mate, kila moja inatoka mwilini kwa kasi gani. Tofauti ya kasi hizo mbili huonyesha mwili umetumia nguvu kiasi gani. Walipozingatia ukubwa wa mwili na wingi wa misuli, waliona matumizi hayo hayabadiliki tangu miaka 20 hadi 60, kwa wanawake sawa na wanaume, na kukoma hedhi hakukuyashusha. Ni baada ya 60 ndipo hupungua, tena polepole, chini ya asilimia 1 kwa mwaka.

Aliyenisimulia haya ni binti wa dada yangu anayesomea udaktari. Alipomaliza akasema, "Basi mama mdogo, kama mwili haujapoa, si ni uvivu tu na kula sana?"

Hapo ndipo ninapotaka msomaji atulie, kwa sababu wengi hupita njia hiyo hiyo: udhuru ukiondoka, wanadhani imebaki lawama. Pontzer huyo huyo na wenzake waliwahi kuwapima kwa maji hayo Wahadza wa hapa kwetu, kandokando ya Ziwa Eyasi, watu wanaowinda, wanaochimba mizizi na kutembea mwendo mrefu kila siku. Matokeo yakatoka mwaka 2012. Ukizingatia ukubwa wa mwili, nguvu anayotumia Mhadza kwa siku nzima haikutofautiana na ya Mmarekani au Mzungu anayekaa kitini. Mwili hupanga matumizi yake kwa namna ambayo hatuioni: ukizidisha huku, hupunguza kule. Basi anayemtazama mwanamke kiunoni na kudhani amesoma bidii yake au ulafi wake, anahukumu bila ushahidi. Sheria yetu hairuhusu kuhukumu hivyo hata katika deni la shilingi mia.

Na Kitabu chenyewe kinasemaje? Sura Yasini tunaisoma kwa wagonjwa, kwa maiti, usiku wa kuamkia Ijumaa, na wengi wetu tunaijua kwa moyo. Aya ya 68 yasema, kwa maana yake, kwamba anayepewa umri mrefu na Mwenyezi Mungu humrudisha nyuma katika umbile lake. Anayerudisha ni Yeye. Mja hakushtakiwa pale. Katika Surat Maryam, Nabii Zakaria anaomba dua, na anaanza kwa kutaja mifupa yake iliyodhoofika na kichwa chake kilichojaa mvi. Anayataja kama mtu anayeeleza hali yake kwa Mola anayemjua. Hakuyaombea msamaha. Jirani yangu Mkristo, ambaye tunashirikiana meza ya kukatia, alinionyesha kuwa ndivyo ilivyo hata kwa Sara katika kitabu cha Mwanzo: imeandikwa tu kwamba desturi ya wanawake ilikuwa imemkoma, basi, bila lawama.

Kwa mtu wa kazi yangu, hata hivyo, aya iliyo karibu zaidi ni ya 60 katika Surat An-Nur. Inawazungumzia wanawake wazee wasiotarajia tena kuolewa, na inawaruhusu kupunguza mavazi ya juu bila kuonyesha mapambo, ingawa kujihifadhi ni bora kwao. Sheria iliona mwili umebadilika, ikalegeza vazi. Haikumwambia bibi aukaze mwili wake urudi kwenye vazi la ujanani, kama tunavyoambizana leo.

Nitalitaja na lile ambalo wanawake hulitumia kujipiga nalo, ile hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, inayogawa tumbo theluthi tatu: ya chakula, ya kinywaji, ya pumzi. Naiamini na najitahidi kuifuata. Lakini hadithi hiyo inazungumzia kula. Mwanamke anaweza kuitimiza kila siku na kiuno chake kikaongezeka, kwa sababu nilizozieleza hapo juu, na mwingine akala hadi kuvimbiwa akabaki mwembamba kama ufito. Dhambi ya ulafi iko kwenye sahani na kwenye nia. Tepu haina uwezo wa kuipima.

Lipo jambo lingine ambalo sisikii likisemwa, na nashangaa kwa nini. Tangu nibaleghe hadi nilipokoma, Ramadhani karibu zote ziliniachia deni: siku za hedhi, siku za nifasi, mwaka ambao maziwa yalikuwa yanakatika. Deni hilo nililipa kidogokidogo, mara nyingine Shaabani inakwisha huku bado nahesabu. Mwaka nilipokoma nilifunga tangu mwandamo hadi mwandamo. Tarawehe sikukosa, msahafu nilishika kila siku, na asubuhi ya Idi sikuwa na deni lolote. Nililia siku ile kwa furaha. Homoni ile ile iliyoondoka ikaniachia tumbo ndiyo iliyoniachia mwezi mzima wa ibada. Mbona tunahesabu kimoja tu? Na yule ambaye uzee umemzidi, hawezi kufunga kabisa, wanazuoni kwa kutegemea Surat Al-Baqara wamempa njia ya kulisha masikini kwa kila siku moja. Hata yeye hakuambiwa amekosa.

Ninachokataa ni hatia. Amana siikatai, maana mwili ni amana na tutaulizwa tulivyoutumia. Mafuta yale ya ndani ya tumbo huongeza hatari ya kisukari, presha na maradhi ya moyo, na nimezika wateja kwa maradhi hayo. Shirika la Afya Duniani limeweka kiuno cha mwanamke kikizidi sentimita 88, karibu inchi 35, kuwa dalili ya hatari kubwa. Kwa hiyo kipimo ninachokiandika kwa ajili ya gauni ni habari ya afya pia, na habari husikilizwa. Lakini mtu anayejiona mwenye dhambi hujificha. Nimewaona: hununua dera pana, hukataa kupimwa kwangu, na anayekataa kupimwa na fundi hukataa kupimwa na daktari. Wengine hushinda na chai ya rangi bila kula hadi jioni, wakidhani ni toba, na huku ndiko kuila misuli inayobaki, ile ile ambayo umri unaipunguza. Misuli hujengwa kwa kazi na kwa chakula chenye maharage, samaki, mayai, dagaa. Ndoo ya maji, jembe la bustani, ngazi, kutembea hadi sokoni: haya humfaa mwanamke wa miaka sitini kuliko aibu.

Basi nawaomba walimu wa madrasa za kina mama, mlizungumze hili waziwazi mnapofundisha fiqhi ya hedhi, msiishie pale inapokatika. Nawaomba mafundi wenzangu, mteja akisema "Mungu anisamehe", msicheke wala msiitikie. Mwandikieni kipimo chake, mwacheni akisome. Nawe dada uliyefika umri huu, wiki hii nenda kituo cha afya kapime sukari na presha, kisha njoo na kitambaa chako. Nitakata kwa kiuno ulicho nacho leo.