Jasho la Fundi

Shawa yetu ya stima iliacha kupasha maji moto. Fundi akasema imeungua yote. Nikamlipa shilingi 4,500, akaweka mpya. Baadaye jirani anayejua stima akaifungua ile ya zamani: waya mmoja tu ulikuwa umelegea.

Nilitaka kumtaja hapa madhabahuni. Roho Mtakatifu akanikumbusha Mathayo 18:15: ndugu akikukosea, anza naye faraghani. Nikaibeba ile shawa mpaka kibandani kwake. Akainamisha kichwa. "Nisamehe, pasta. Lakini ile kazi ya kanisa ya mwaka jana, nusu ya pesa sijaiona mpaka leo."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimenyamaza tu.

Deni letu halikuhalalisha uongo wake. Mithali 11:1 yaonyesha Mungu anavyochukia mizani ya hila. Lakini Walawi 19:13 yatukataza kulala na ujira wa kibarua. Akanirudishia pesa zangu, nami nikamlipa zake jioni hiyo hiyo.

Mpendwa, ukiita fundi, patana bei kwanza, mwambie akuonyeshe kilichoharibika, jaribu kazi kabla ya kulipa. Ikiwa sawa, mlipe! Kuna fundi anayekudai? Usilale na jasho lake leo. Amina.