Je, Posta Inatudai?

Sisi walimu tulituma fedha nyumbani kwa hawala ya posta. Ulijaza fomu, ukalipa ada, kisha mzee akasafiri kutoka kijijini kwenda kuzipokea. Mwaka 1994 Shirika la Posta na Simu liligawanywa, Posta huku, simu kule. Nani angedhani kwamba mshindani wa hawala angetokea upande wa simu? Tena si kwa wakongwe, bali kwa Vodacom, iliyoanza kazi nchini mwaka 2000, ikaleta M-Pesa mwaka 2008, baada ya Kenya. Leo hapa Ruhuwiko fedha hupokelewa dukani, penye sabuni na chumvi.

Mstaafu mwenzangu huita jambo hili utovu wa fadhila. La hasha! Shirika tulililipa pale pale dirishani. Hatukubaki na deni. Ninayemwona anatudai ni karani aliyemsomea bibi kizee fomu, akamwonyesha pa kuweka dole gumba, akamhesabia noti mbele ya macho yake. Ada yetu haikununua uungwana ule. Siku hizi bibi huyo humpa mjukuu simu, pamoja na namba ya siri.